Aliyeanguka hapigwi: maneno yetu kwa vijana wa boxe wa Butembo na wa Beni

Haya ni maandishi ya mazungumzo tuliyotoa Butembo, siku vijana wa boxe wa Beni walipokuja kupambana na wenzao wa hapa. Wengi walituomba tuyaweke kwenye ukurasa wetu. Tumeyaacha karibu kama tulivyoyasema.



Vijana wa Beni, karibuni Butembo. Kilometa 54 si nyingi. Lakini kila mtu hapa anajua kwamba mama akimuaga mtoto kwenye ile barabara, roho yake inabaki juu paka simu ilie. Mlifika. Tunamshukuru Mungu, na tunawashukuru wazazi waliowaruhusu kuja.

Walimu wenu wa boxe walitupatia dakika 20. Tunajua hakuna aliyetoka nyumbani asubuhi juu ya kusikiliza mouvement citoyen. Mlikuja kuona ngumi. Basi tutaongea juu ya ngumi. Siasa itaingia yenyewe. Huku kwetu siasa haingojeaka mwaliko.

Kila mara mtu anapotaja boxe katika Kongo, wazee wanarudi kwenye usiku mmoja tu: tarehe 30 mwezi wa kumi 1974, Kinshasa, Muhammad Ali na George Foreman. Wanatueleza namna Ali alijiegemeza kwenye kamba, akaacha Foreman apige, apige, apige paka achoke, na kwenye raundi ya 8 akamwangusha. Ni hadithi nzuri, hatuikatai. Lakini ni hadithi ya watu wazito. Ni hadithi ya mamilioni ya dola na rais mwenye kutaka dunia yote imwangalie. Sisi hapa wengi wetu ni watu wepesi. Angalieni vijana wanaofunga kamba za viatu pale kwenye kona: nani kati yao ana kilo 100?

Kwa hiyo leo tutawaeleza juu ya mabondia wawili wepesi. Wote wawili walipiganaka katika daraja linaloitwa uzito wa unyoya. Mtu wa daraja hilo hapiti kilo 57 na kidogo. Mfuko wa simenti ni kilo 50. Ongezeni juu yake kilo 7 za unga wa bugali, mmepata bondia wa uzito wa unyoya. Chukudu moja inambeba bila shida, pamoja na magunia mawili ya viazi.

Wa kwanza ni Mfaransa. Jina lake Eugène Criqui. Alizaliwa Paris mwaka 1893, na alianza kupigana kwa malipo mwaka 1910, akiwa kijana wa miaka 17 hivi. Alikuwa mwepesi kuliko hata uzito wa unyoya. Alikuwa fundi wa kukwepa na kugusa, mtu wa kushinda kwa pointi. Watu wa Paris walimjua na mambo yake yalikuwa yanaenda vizuri.

Kisha vita ikaja, vita ya 1914. Walimchukua kama walivyochukua vijana wote wa umri wake, wakampa bunduki. Mwaka 1915, upande wa Verdun, risasi ilimpata usoni ikavunjavunja taya. Taya, wandugu. Kwa bondia hakuna mahali pabaya zaidi. Huyo ni mtu ambaye kazi yake ni kupigwa kwenye taya na kubaki amesimama, na taya yenyewe sasa ni vipande. Waganga walimfanyia kazi muda mrefu, wakaiunga kwa vyuma. Mtu yeyote angesema: papa, asante kwa kazi yako, sasa utafute duka la kuuza.

Hakutafuta duka. Mwaka 1917, vita ingali inaendelea, alirudi kwenye ulingo. Na kitu cha kushangaza, yule mtu wa kukwepa na kugusa alirudi akiwa mtu wa kuangusha. Labda alijua kwamba kwa ile taya hawezi tena kukubali mapigano marefu. Mwaka 1922 akawa bingwa wa Ulaya wa uzito wa unyoya. Na tarehe 2 mwezi wa sita 1923 alisimama New York mbele ya Johnny Kilbane, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa dunia tangu 1912. Miaka 11 hakuna mtu aliyemtoa pale. Raundi ya 6, Criqui akamwangusha, wakahesabu paka 10. Askari aliyevunjwa taya na risasi akawa bingwa wa dunia.

Mkitaka, tunaweza kusimama hapo na kupiga makofi. Lakini hadithi iko na mwisho, na mwisho huo ndio tunaupenda zaidi, juu hausemi uongo. Ili akubaliwe kupigana na Kilbane, Criqui alikuwa ametia sahihi kwenye karatasi: akishinda, atapigana na Johnny Dundee kabla ya siku 60 kwisha. Alipigana naye tarehe 26 mwezi wa saba. Dundee alimwangusha mara kadhaa. Criqui alisimama kila mara na alimaliza raundi zote 15, lakini alipoteza. Hesabuni wenyewe: alikuwa bingwa wa dunia siku 54. Siku moja kwa kila kilometa kati ya Butembo na Beni. Aliacha boxe mwaka 1928, na alifariki mwaka 1977, mzee wa miaka 83.

Tunawaeleza habari za Criqui kwa sababu ya kitu kimoja. Huyu mtu alijua bunduki. Alijua inafanya nini kwenye uso wa binadamu, alibeba jibu kwenye taya yake kila asubuhi alipotafuna mkate. Na alipopona, alichukua glavu. Alirudi mahali ambapo watu wawili wanagombana mbele ya macho ya wote, na sheria, na kengele, na mtu wa tatu katikati mwenye haki ya kusema: simameni.

Wazazi wengine walitukuta nje wakatuambia: "Ninyi watu wa amani, mnakuja kusifu kupigana? Watoto wetu hawajaona mapigano ya kutosha?" Ni ulizo la haki. Jibu letu liko katika sheria moja ya boxe ambayo hawa vijana wanaijua kuliko sisi. Mwenzako akianguka, unafanya nini?

(Vijana walijibu: "Unarudi ku kona!")

Mmesikia. Unarudi kwenye kona. Humkanyagi. Humpigi akiwa chini. Mwamuzi anahesabu, na hata kama una hasira gani, hata kama alikutukania mama, unangoja kwenye kona. Ukimpiga akiwa chini, wewe ndiye unapoteza. Aliyeanguka hapigwi.

Sasa tuseme ukweli kati yetu, watu wa Beni na Butembo. Tangu mwezi wa kumi 2014 tunazika watu. Mbau, Oicha, Eringeti, Mayangose, Rwangoma, na leo upande wa Lubero. Waliochinjwa hawakuwa na glavu wala bunduki. Walikuwa wanatoka kuvuna kakao, walikuwa wamelala, walikuwa wanasali. ADF wanapiga watu walio chini. Hiyo ndiyo kazi yao, na hakuna neno la dini au la siasa linaloweza kuisafisha.

Lakini hatukuja hapa kuhubiri juu ya ADF. Hawako katika hiki kiwanja, hawatusikilizi. Tumekuja kuongea juu yetu.

Mnajua tunachotaka kusema. Mtu asiyejulikana anapita kwenye kizuizi cha vijana. Anaulizwa kitambulisho, hana. Anaulizwa anatoka wapi, anajikwaa kwa maneno, Kiswahili chake si cha hapa, Kinande hajui. Mmoja anapiga kelele: "Ni muzungu wa pori huyu! Ni mwenyewe!" Na dakika kumi baadaye hakuna tena wa kuuliza. Tairi, petroli, simu zinapiga picha. Kisha siku mbili baadaye familia inakuja kutoka mbali kutafuta ndugu yao, muuzaji wa mbuzi, mgonjwa wa akili, kijana aliyekuwa anatafuta kazi ya shamba. Sisi mouvement tumekaa na familia ya namna hiyo. Walituletea picha ya ubatizo. Tuliiangalia, hatukuwa na neno.

Na tuseme jambo baya zaidi: kwenye kundi lililokuwa pale, kulikuwa na watu wenye kutujua. Walikuwa wametembea nasi katika maandamano. Walikuwa wameimba pamoja nasi kwamba maisha ya kila Mkongomani yana thamani.

Tunaelewa hasira. Mtu aliyezika dada yake hawezi kufundishwa utulivu na mtu aliyekuja na karatasi. Lakini kama tunapiga aliyeanguka, bila mwamuzi, bila kuhesabu, tofauti yetu na wale wa porini inabaki ndogo sana. Na tena, tunamsaidia adui. Mtu aliyechomwa hawezi kueleza chochote. Kama alikuwa kweli wa ADF, alikuwa anajua njia, majina, mahali pa kulala. Mmechoma ile habari pamoja naye. Kama hakuwa, mmeua mtu bure na muuaji wa kweli amepita akicheka.

Sasa bondia wa pili. Huyu ni wa karibu, wafanyabiashara wetu wenye kupitia Kasindi kwenda paka Mombasa wanajua mji wake, Nakuru, katika Kenya. Jina lake Philip Waruinge, aliyezaliwa 1945. Kwao wanasema ngumi ama ndondi, ni kitu kimoja.

Waruinge alikuwa na kilo zake 57 na mikono ambayo watu wanasema hukuiona ikiondoka, uliiona tu ikirudi. Mwaka 1966 alipata dhahabu kwenye michezo ya nchi za Jumuiya ya Madola katika Kingston, Jamaika. Mwaka 1970 akaipata tena katika Edinburgh. Lakini katikati ya hizo mbili kulikuwa na Michezo ya Olimpiki ya Mexico, mwaka 1968. Na hapo ndipo tunataka mkae.

Katika nusu fainali alipangwa na Antonio Roldán. Roldán alikuwa wa wapi? Wa Mexico. Mapigano yalikuwa wapi? Mexico. Watu elfu na elfu wanaimba jina la mtoto wao. Kuzunguka ulingo wameketi waamuzi watano. Mwisho wa raundi ya tatu, wawili wakasema Waruinge ameshinda. Watatu wakasema Roldán. Waruinge akapewa shaba.

Sasa sikilizeni vizuri. Katika Olimpiki kulikuwa na zawadi moja iliyoitwa kombe la Val Barker. Walikuwa wanampa bondia aliyepigana kwa ufundi kupita wote, wa uzito wote, wazito na wepesi. Mwaka ule walimpa nani? Walimpa Waruinge, mtu wa shaba. Maana yake nini? Maana yake wenyewe walikubali kwamba bondia mzuri kupita wote katika ule mji hakuwa na dhahabu. Walimnyima ushindi kwa mkono mmoja, wakampa kombe kwa mkono wa pili.

Angefanya nini? Angeweza kumpiga mwamuzi. Mabondia wengine walishafanya hivyo katika historia, na hakuna anayekumbuka ufundi wao, wanakumbukwa paka kwa ile aibu. Angeweza kuacha na kusema boxe ni ya wezi. Alirudi nyumbani, akafanya mazoezi miaka 4, na mwaka 1972 alirudi Olimpiki, München, katika Ujerumani. Mara hii alifika fainali. Mbele yake Boris Kuznetsov wa Urusi ya Kisovieti. Raundi tatu. Waamuzi watano. Wawili wakasema Waruinge, watatu wakasema Kuznetsov.

Tena. Wawili kwa watatu. Tena.

Baada ya hapo alikwenda kupigana kwa malipo Japani, ambako walimpa jina la Waruinge Nakayama. Mwaka 1976 alipigania ubingwa wa dunia katika Panama, hakuupata. Katika ile kazi ya malipo alishinda, lakini pia alishindwa mara nyingi. Alifariki mwaka 2022. Hatutawadanganya kwamba mwishoni mtu alikuja kumrudishia dhahabu zake. Hakuna aliyekuja.

Lakini mwaka 1988, kule Seoul, kijana mwingine wa Kenya, Robert Wangila, alipanda ulingo na akashuka na dhahabu ya Olimpiki. Ni miaka 20 baada ya Mexico. Huyo Wangila alikulia katika nchi ambako kila kijana wa ngumi alijua jina la Waruinge. Mtu mwepesi kutoka nyumbani alisimama mbele ya dunia yote, na dunia ililazimika kumpa kombe hata ilipomnyima dhahabu. Kwa vijana walioanza nyuma yake, hilo jina lilikuwa ni mlango uliofunguka nusu.

Nani hapa hajui waamuzi watatu kwa wawili?

Wakubwa mnakumbuka. Wadogo, tuwaeleze. Mwaka 2018, tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili, siku 4 kabla ya uchaguzi, tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na nchi. Sababu zilikuwa mbili, Ebola na usalama. Ebola ilikuwa ya kweli, tulikuwa tunazika watu wake tangu mwezi wa nane. Usalama pia, tunajua. Lakini soko lilikuwa wazi. Makanisa yalikuwa wazi. Watu wote walikuwa wanauliza ulizo moja: Ebola inaingia paka kwenye sanduku la kura?

Rais mpya aliapa tarehe 24 mwezi wa kwanza 2019. Sisi tuliitwa kupiga kura tarehe 31 mwezi wa tatu, kwa wabunge peke yake. Walituletea sahani baada ya watu kula.

Na watu wetu walifanya nini? Tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 2018, siku ile ile nchi nyingine ilipokuwa inapiga kura, watu wa Beni walijipanga mistari. Walinawa mikono juu ya Ebola. Walichukua makaratasi yao wenyewe, sanduku lao wenyewe, wakapiga kura ambayo walijua haitahesabiwa. Wengi wetu tulikuwa kwenye ule mstari. Kulikuwa na mama wazee, wamesimama kwenye jua, na karatasi mkononi. Hakuna aliyeangushwa. Dunia ilipiga picha. Ile kura haikubadilisha rais, tunajua. Lakini siku ile ilikuwa ni kombe letu la Val Barker: kila mtu aliona nani amepigana vizuri, na nani amebadilisha pointi.

Mwaka 2023, tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili, Beni na Butembo zilipiga kura pamoja na nchi. Na mnajua nani waliachwa nje mara hii? Ndugu zetu wa Masisi na wa Rutshuru, juu ya vita ya M23. Sisi tuliojua uchungu wa kuachwa nje, tulipiga kelele kiasi gani kwa ajili yao? Kidogo. Kidogo sana. Hili tunalisema juu yetu wenyewe, tusije tukaonekana wasafi mbele yenu.

Sasa tufike kwenye jambo lililotuleta.

Miezi iliyopita, katika mkutano wetu, kijana mmoja alisimama. Tulimpenda sana, alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Alituuliza: "Mulisha andika barua ngapi? Kwa meya, kwa gavana, kwa Kinshasa, kwa MONUSCO? Nani alisomaka? Mi nimechoka kuandikia watu wenye hawajuaka kusoma." Watu wengine walicheka. Yeye hakucheka. Wiki mbili baadaye alikwenda porini, na mwenzake mmoja. Wengine kati yenu mnawajua. Wengine kati yenu mmepata simu zao, na katika simu wanawaambia: njooni, huku tunafanya kazi ya kweli.

Hatutamtukana. Ulizo lake lilikuwa la kweli, na sisi hatukumjibu vizuri siku ile. Tulimpa maneno ya semina. Basi leo tunajaribu kumjibu mbele yenu.

Ndugu yetu, ulifikiri kwamba ukichukua bunduki utapanda uzito. Kwamba kilo 57 zitakuwa 100. Lakini ulikuta nini? Wengi wanaotoka huko wanatueleza: njaa, mkubwa anayekula peke yake, kizuizi cha kuchukua franka kwa mama anayetoka shamba. Huyo mama ndiye aliyeangushwa, na wewe sasa ndiye unampiga akiwa chini. Hukupanda uzito. Ulibadilisha tu mtu wa kupigana naye, ukachukua aliye dhaifu kuliko wewe.

Na kuhusu barua. Ni kweli, nyingi hazisomwi. Lakini kwa nini hali ya dharura iliyoanza tarehe 6 mwezi wa tano 2021, iliyotupa wanajeshi na polisi kama magavana na mameya, inatufungia maandamano? Kama karatasi na miguu yetu ni kitu cha bure, kwa nini wanatungoja njiani na mabomu ya machozi? Mtu haogopi ngumi isiyoweza kumfikia. Tuko katika uzito wetu. Mtu wa uzito wa unyoya hashindi kwa ngumi moja. Anashinda kwa miguu, kwa pumzi, kwa kurudi raundi ya 9 wakati mwingine amechoka. Anakubali pia kwamba anaweza kunyimwa, wawili kwa watatu, na miaka 4 baadaye anarudi.

Hatukuahidi ushindi. Hatujui kama sisi tutauona. Tunazo kaburi za wenzetu waliokufa bila silaha mkononi, na kila mwaka tunapokwenda pale tunajiuliza ulizo lile lile uliloliuliza. Hatuna jibu la kufuta machozi ya mama zao. Tuko na hili tu: hakuna hata mama mmoja anayeweza kutuonyesha kidole na kusema, mtoto wangu aliuawa na ninyi. Tunataka kubaki namna hiyo. Ndiyo sababu habari ya yule mtu wa kwenye kizuizi inatuuma zaidi ya kushindwa kwote.

Kule Goma, miaka mingi, kuna bondia anayejulikana kwa jina la Kibomango. Alichukuliwa katika jeshi akiwa mtoto, alipoteza jicho, akawa bondia, na akakusanya watoto waliotoka katika makundi ya silaha akawafundisha boxe. Bila jumba kubwa, bila vyombo vya maana. Tunamtaja ili msiseme kwamba Criqui ni habari ya Wazungu wa zamani. Mlango wa kutoka upo, na ulishafunguliwa hapa kwetu.

Basi tunamaliza, kengele imekaribia. Tuko na maombi manne.

Kwa ninyi vijana wa boxe, wa Butembo na wa Beni. Ile sheria ya ulingo, itokeni nayo hapa. Mkiwa kwenye kizuizi, mkiwa ku kartie usiku, mkiona mtu ameangushwa na kundi linakuja, ninyi ndio mnajua kusimama katikati. Ninyi mna mwili na mna jina, watu wanawaheshimu. Mmoja asimame mbele, mmoja apigie chef de quartier na watu wa usalama, wengine wamzungushe mpaka achukuliwe mzima. Kisha mtuite sisi, tutafuata dosiye yake ili asiachwe kwa pesa wala asipotee gerezani.

Kwa wale walio porini, kama sauti hii inawafikia. Mlango wetu hauna bunduki nyuma yake. Mkitaka kurudi, tutakwenda nanyi kwa wazazi, kwa wachungaji na mapadri, kwa watu wa programu ya P-DDRCS iliyoundwa mwaka 2021. Hatuwaahidi pesa. Na someni kabla ya kutia sahihi, mkumbuke ile karatasi ya Criqui.

Kwa wakubwa wa serikali. Kijana anayeweka silaha chini na kukuta hakuna chakula, hakuna kazi, hakuna ulinzi, atarudi alikotoka, na mtasema ni mbaya. Fanyeni programu ifike huku, kwa vitendo na kwa hesabu iliyo wazi. Na wapeni hawa vijana mahali pa kufanyia mazoezi pasipo na matope. Wanaanza saa kumi na moja asubuhi, kwa glavu za kuazimana, wawili wanangoja wawili wamalize. Hii si zawadi ya kampeni tunayoomba, ni haki yao.

Kwa wazazi. Yule mtoto aliyekuja leo na jasho na pua imevimba, msimpige tena nyumbani. Mwulizeni mwalimu wake alimfundisha nini.

Sasa tunashuka, tuwaachie nafasi. Vijana wa Beni, vijana wa Butembo, piganeni vizuri, pigeni kwa nguvu, na mwenzenu akianguka mnajua mahali pa kwenda.

(Walijibu wote: "Ku kona!")



Sisi wanamemba wa mouvement citoyen, Butembo na Beni